Goti jipya, gemu la zamani

Swali: Shikamoo daktari. Mama ana wiki ya sita tangu abadilishwe goti na mazoezi anayakwepa. Mwanangu ana Wii ya zamani, mashine ya gemu za kwenye televisheni, yenye ubao wa kusimamia. Itamfaa, au ni mchezo tu?

Jibu: Marahaba. (Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi; daktari ni yule aliyeshika kisu.) Ubao huo una vitambuzi vinne vya uzito, kimoja kila pembe. Sasa, aliyebadilishwa goti huegemea mguu usiopasuliwa bila kujijua, na ukimuuliza atakuapia kwamba amesimama sawa. Akipanda ubaoni, nukta kwenye skrini inamuumbua: imejilalia upande mmoja. Mgonjwa wangu mmoja alibishana nayo, akasema mashine mbovu, kisha akasogeza nyonga kidogo. Nukta ikarudi katikati. Mimi nilikuwa nimemwambia hivyo hivyo siku kumi nzima.

Ila ubao hauoni goti, unapima uzito tu. Mama anaweza kuvuna pointi kwa kuyumbisha kiuno huku goti limekakamaa kama mchi. Kwa hiyo kukunja, kunyoosha na kukaza msuli wa paja kwanza, gemu baadaye, na mfiziotherapia wake akubali. Awe na kiti kizito mbele yake na mtu karibu. Wengi hujikwaa wakati wa kushuka, macho yakiwa bado kwenye skrini.

Swali: Kinect je, ile kamera ya mashine ya gemu ya Xbox? Nasikia inaona mwili mzima.

Jibu: Inaona, na programu nzuri hukadiria hata pembe ya goti. Gauni pana au kiti kikiziba mguu, inababaika. Marekani, jaribio la VERITAS lilitumia mfumo wa kamera hiyo kwa wagonjwa wapatao 300; baada ya wiki 12 goti lilifanya kazi sawasawa na la waliopata tiba ya kawaida, na gharama zikashuka. Watu husahau kutaja kwamba wafiziotherapia walikuwa wakifuatilia kwa mbali. Kinect iliacha kutengenezwa mwaka 2017, hivyo utakayopata ni ya mtumba. Ijaribu kabla ya kulipa.

Swali: Mimi pia nimebadilishwa goti. Naweza kuruka kidogo nikicheza?

Jibu: Hapana. Wala usijipinde ghafla ukiwa umekanyagia mguu wenye goti jipya. Gemu la tenisi lichezee kitini.

Swali: Goti langu huvimba nikishacheza. Niache?

Jibu: Uvimbe na joto kiasi huweza kudumu miezi. Liangalie asubuhi: likiwa limevimba kuliko jana, ulizidisha. Punguza muda nusu, inua mguu, weka barafu juu ya taulo. Lakini kigimbi kikiuma na kuvimba, ukapata homa, au mshono ukatoa usaha, nenda hospitali leo. Pumzi ikikatika au kifua kikibana, ni dharura. Usisubiri hata saa moja.