Bwagamoyo na kukata tamaa

Mwanangu,

Umeuliza kama ni kweli Bagamoyo maana yake ni mahali pa kukata tamaa, kama watembeza wageni wanavyosema. Nakujibu kwa kirefu kidogo, maana wengi huyachanganya maneno haya.

Tamaa tumeitoa kwa Waarabu, kwao ni uchu. Sisi tumeipa kazi mbili: mwenye tamaa tunamsema vibaya, aliyekata tamaa tunamhurumia. Uzito uko kwenye kukata. Kukata shauri, kukata roho: jambo limefikia ukomo. Lakini angalia, ukikata kiu umekunywa, haja imetimia. Ukikata tamaa hujapata kitu, umeacha kutazamia tu. Na usiandike "nimekatwa tamaa", ni kosa. Mwenyewe hukata, mwingine akikusababishia, umekatishwa.

Kuvunjika moyo ni kwepesi zaidi. Aliyevunjika moyo leo, kesho hurudi shambani.

Sasa bwaga. Ni kutupa chini kwa mkupuo kitu kilichokuelemea: mzigo, kuni, hata mpinzani kwenye mieleka. Jina la mji wetu kwa asili ni Bwagamoyo, ile w imemezwa na ndimi. Wapagazi Wanyamwezi walishuka kutoka Unyanyembe, kule Tabora, na pembe za ndovu, mtu mmoja amebeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Wakifika pwani wanatua mzigo, na moyo nao unatua. Hayo ndiyo maelezo ninayoyaamini.

Maelezo ya pili yanasema ni kauli ya mateka: moyo ubwage hapa, mwili unavushwa Unguja. Watumwa walipita hapa kweli, hilo halina ubishi, ingawa bandari yao kubwa upande wa bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilinenepa kwa pembe. Wala lugha haiyakatai maelezo hayo, maana kubwaga manyanga ni kushindwa na kuacha. Kinachonizuia ni mtendaji: anayebwaga hubwaga kwa mikono yake, na mateka hakuwa na hiari ya kutua chochote.

Kwenye kazi yako ya chuo weka maelezo yote mawili, ya wapagazi yatangulie. Ila kuandika moja kwa moja kwamba Bagamoyo ni "kata tamaa", hapana. Mwalimu wako akiwa Mswahili wa Mrima, yaani wa pwani yetu hii, atakupigia mstari mwekundu.

Mama yako,
Bagamoyo