Maswali ya Wasomaji: Fimbo Mkononi Unapopanda Farasi Nyikani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni saisi katika banda moja la farasi upande wa Limuru, kazi niliyoianza miaka minane iliyopita nikisafisha mabanda na kuwapeleka farasi malishoni. Mwaka huu mwenye banda ameniruhusu kushindana na farasi jike wa miaka 11 katika daraja la chini la mashindano ya nyika, yale ya kuruka magogo, mitaro na madimbwi ya maji. Mwezi uliopita, kwenye mtaro uliowekewa gogo juu yake, jike huyo aligoma. Alikuwa amekwisha kugeukia kushoto nilipomchapa mara tatu kwa hasira na aibu, kisha nikamrudisha, naye akaruka. Mtaro uliofuata aliuona kwa mbali akaanza kupunguza mwendo mwenyewe. Mwalimu wetu anasema nisitoke bila fimbo. Mwenzangu mmoja, aliyepanda farasi miaka mingi kuniliko, anasema aliyezoea fimbo husahau miguu yake, kwa hiyo niiache bandani. Wazee nao husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Je, niibebe au niiache? Na ninapompitisha barabarani na mashambani siku za kawaida, jibu ni hilo hilo?
— Saisi, Limuru

JIBU: Ndugu saisi, ibebe. Lakini kabla hujaifurahia ruhusa hiyo, naomba turudi kwenye mtaro ule wa kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imelala humo.

Farasi huunganisha maumivu na kile anachokifanya au kukitazama wakati huo huo, na nafasi ya kumweleza jambo haizidi sekunde moja hivi. Jike wako aligoma, akageuka, akasimama, ndipo fimbo ikashuka. Wewe ulikuwa unaadhibu mgomo. Yeye alichokipata ni kwamba ukiwa karibu na mtaro unaumizwa, tena unaumizwa ukiwa umekwisha kusimama na kutulia. Unasema aliporudishwa aliruka, na ni kweli aliruka, ila hesabu yake aliiweka, akakulipa kwenye mtaro wa pili ulipomwona anapunguza mwendo toka mbali. Farasi aliyekuwa na shaka na mtaro mmoja sasa ana shaka na mitaro yote, na juu ya hapo ana shaka na mkono wako wa kulia.

Kuhusu ile methali ya wazee, sitaki kubishana nao, ila wao walikuwa wakimzungumzia mwana, ambaye jioni unaweza kumkalisha ukamweleza alichapwa kwa nini. Farasi hana jioni ya namna hiyo. Tena sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mzigo wetu katika jambo hili: mjeledi tumeuita kiboko kwa sababu ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyo, na wazee wa Tanganyika waliokuwa chini ya Wajerumani waliujua kwa hesabu ya hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Mtu akikabidhiwa fimbo, mkono wake hukumbuka adhabu kabla haujakumbuka kazi nyingine yoyote. Fimbo ya mpanda farasi ina kazi nyingine, nayo ni moja tu: kurudia neno ambalo mguu umekwisha kulisema na farasi hakulisikia. Mguu ukiwa haujasema kitu, fimbo haina cha kurudia.

Hapo ndipo mwenzako ana haki yake. Wako wapandaji wengi ambao miguu yao imelala ubavuni mwa farasi kama magunia, na kila wanapotaka mwendo mkono ndio unaoinuka. Jipime hivi: mtandike jike wako asubuhi moja, iache fimbo ukutani, umpeleke kwenye magogo matatu madogo anayoyajua. Atoke kwenye telki, yaani kutembea, aingie matiti, mwendo wa kudundadunda, kisha shoti, yaani mbio, ya taratibu, kila badiliko kwa mguu tu na kwa mguso mmoja tu. Akichelewa kuitikia, usimpige mateke mfululizo, kwa maana mateke ya mfululizo humfundisha kuyazoea. Siku atakapoitikia mguu mara ya kwanza unapomgusa, ndipo fimbo itakuwa na maana mkononi mwako, na utaona kwamba huihitaji mara nyingi.

Kwa nini basi nakwambia uibebe? Kwa sababu nyikani kila kitu huja kwa haraka. Katika madaraja ya chini mwendo huwa kati ya mita 450 na 500 kwa dakika, yaani mita saba na nusu hadi nane na ushei kila sekunde. Hatua moja ya shoti ni kama mita tatu na nusu, hivyo hatua tatu za mwisho kabla ya kikwazo humalizika kabla hujameza mate. Farasi anapoanza kusita, husita hatua tano au sita nyuma: sikio moja linageuka, mgongo unakuwa mfupi chini yako, kifua kinaanza kuyumba upande mmoja. Ukiubana mguu asiitikie, mguso mmoja wa fimbo nyuma ya mguu wako, au begani upande anaoyumbia, humrudisha kwenye mstari. Usipokuwa na fimbo, kilichobaki ni kurusha miguu na kuvuta hatamu, na mambo hayo mawili kwa pamoja ni sawa na kumwambia nenda na simama kwa pumzi moja.

Ila ikiwa umechelewa, umechelewa. Katika hatua tatu za mwisho usiinue mkono. Ili uchape, lazima uuondoe mkono mmoja kwenye hatamu, na hapo uzito wako unasogea, mdomo wake unavutwa upande mmoja, na farasi aliyekuwa akipima mahali pa kurukia anaacha kupima. Kumbuka pia kwamba macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu kila upande isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Mkono wako ukipanda juu anauona. Atakutazama wewe badala ya kuutazama mtaro, na mtaro ndio uliotaka autazame.

Sasa tuishike yenyewe. Fimbo ya nyika ni fupi. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, hazimlazimishi mtu kuibeba, ila akiibeba isizidi sentimita 75 na isiwe na uzito uliofichwa kwenye ncha. Ile ndefu ya sentimita 120 inayotumika uwanjani kwenye mazoezi ya utii haikubaliki nyikani. Ishike kiasi kwamba kichwa cha mpini kinachomoza vidole viwili hivi juu ya ngumi yako, na fimbo yenyewe inalala kukatiza paja, bila kumtekenya farasi kila anapopiga hatua. Unapotaka kuitumia nyuma ya mguu, kwanza hatamu zote mbili ziingie katika mkono mmoja, ndipo mkono wenye fimbo uende nyuma, uguse, urudi. Mkono uliobaki na hatamu usivute. Ukiona kichwa cha farasi kinapanda kila ukichapa, basi unavuta.

Kuihamisha kutoka mkono hadi mkono ni kazi inayowashinda wengi, na kwa farasi wako anayegeukia kushoto ndiyo utakayoihitaji kuliko zote. Weka tandiko juu ya pipa huko bandani, funga kamba mbili ziwe hatamu, kaa, ujifunze. Hatamu zinakutana mkononi ulio na fimbo, mkono mtupu unashika kichwa cha mpini, unaivuta fimbo juu polepole mpaka itoke yote, inavuka mbele ya shingo na kushuka upande wa pili. Fanya mara hamsini kwenye pipa kabla ya kufanya mara moja juu ya farasi. Wenzako watacheka, waache wacheke. Siku ya mashindano, kabla hujauelekea mtaro, fimbo iwe tayari katika mkono wa kushoto, kwa maana upande anaokimbilia ndio upande unaotaka kuufunga, na kuivusha fimbo iliyo kulia ili umchape ubavu wa kushoto kumekatazwa na kanuni hizo hizo.

Yako na makatazo mengine ambayo ningependa uyajue kabla mwamuzi hajakufundisha. Farasi hachapwi zaidi ya mara mbili kwa tukio moja, kwa hiyo mara zako tatu zingekuletea matatizo hata kama zingekuwa za wakati wake. Hachapwi kichwani. Hachapwi baada ya kuruka kikwazo cha mwisho, wala baada ya kuondolewa mashindanoni. Kumchapa kwa hasira huhesabiwa kuwa ni kupita kiasi hata kama ni mara moja, na ngozi ikichanika hakuna maelezo yatakayosikilizwa. Mpandaji anaweza kupewa kadi ya njano kama mchezaji wa kandanda, au kuondolewa kabisa. Kwa kuwa kanuni hubadilishwa mara kwa mara, na chama cha nchini kinaweza kuwa na masharti yake, soma kitabu cha mwaka huu kabla ya kujiandikisha.

Kama mtu atakwambia kwamba farasi ana ngozi nene na hasikii, usimwamini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha matokeo ya kulinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu chini ya hadubini, wakakuta kwamba tabaka la juu, lenye miishio ya neva za maumivu, halitofautiani kwa kiasi cha kumpa farasi kinga yoyote kutushinda sisi. Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, mtazame jike wako inzi anapomtua mgongoni: ngozi inatikisika hapo hapo alipotua.

Swali lako la barabarani ni jepesi zaidi, na hapa sina masharti mengi. Huko beba hata ile ndefu. Ukiinyoosha pembeni, sambamba na ardhi, upande wa magari, dereva mwenye akili hujitenga nawe mita moja zaidi, na hata wa bodaboda hupunguza mwendo kidogo, angalau wale wanaotazama mbele. Hukusaidia kusukuma tawi la mkahawa au la mkaratusi lililoinamia njia. Kwa mbwa wa mashambani, mara nyingi yatosha kuishusha kati yake na miguu ya farasi bila kumpiga. Wale viongozi wa safari za farasi mbugani wanaobeba mjeledi mrefu wa ngozi hawaubebi kwa ajili ya farasi. Wanautaka mlio wake, kwa sababu ncha ya mjeledi ukipigwa vizuri huenda kasi kuliko sauti, na mlio huo unaweza kumfanya mnyama wa porini afikiri mara ya pili. Wewe wa Limuru huna haja nao, na farasi wasiouzoea watakuangusha.

Ama kuhusu ile mitaro, kwa majuma kadhaa iache fimbo ukafanye kazi ya kulipa deni. Tafuta mtaro mdogo kabisa, mfereji wa shamba ukitosha, umtangulize farasi mzee asiye na wasiwasi, wako amfuate kwa matiti. Akisimama kuuchungulia, mwache auchungulie huku mguu wako umemkumbatia bila kumpa nafasi ya kugeuka. Akivuka, hata kwa kuruka kama mbuzi, mlegezee hatamu na umsugue shingoni.

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa miaka 12 anayepanda poni, farasi wa kimo kifupi, hapa Karen. Mwalimu wake anataka abebe fimbo kwenye njia ya nyika. Mimi naona tunamfundisha mtoto kupiga mnyama ili apate utepe. Nimkatalie mwalimu?

JIBU: Mama, hofu yako inaeleweka, na si yako peke yako. Norway ilianza kuzuia matumizi ya fimbo katika mbio za farasi mwaka 1982, Uswidi imeyapiga marufuku tangu 2022, na Uingereza mwaka 2023 ilipunguza idadi ya mapigo hadi sita katika mbio za uwanja tambarare na saba katika zile za kuruka viunzi. Hata hivyo hizo ni mbio, ambako fimbo hutumika kumkamua farasi aliyechoka. Poni wa binti yako ana jambo jingine: ni mwerevu, anamjua mtoto ni mwepesi, na akiamua kurudi kwa wenzake malishoni miguu ya mtoto wa miaka 12 haimfikishii ujumbe. Mguso mmoja wa begani unaofika kwa wakati wake ni upole kuliko dakika tano za mateke na kumvuta mdomo kwa hatamu.

Kwa hiyo usimkatalie mwalimu, muulize maswali mawili. Je, binti anaweza kushika hatamu kwa mkono mmoja katika shoti bila kuuvuta mdomo wa poni? Na je, poni amevalishwa mkanda wa shingoni, wa kushikwa mtoto anapoyumba? Kama jibu la mojawapo ni hapana, fimbo isubiri, na mkanda uje kwanza. Huo ningemvalisha hata mpandaji mzima. Nikiwa wewe ningeongeza sharti la nyumbani kwamba akiitumia akiwa analia au amekasirika, anashuka na kumtembeza poni hadi bandani kwa miguu.

Fimbo za watoto huuzwa zikiwa na kitanzi cha kamba kwenye mpini, ili kiingie mkononi zisipotee. Kikate kwa mkasi kabla hajapanda tena, kwa maana mtoto anapoanguka fimbo inatakiwa imtoke, na iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono hutua pamoja naye, ikakipinda kifundo hicho au ikamkuta usoni.