Waulize Mafundi: Valvu mpya za nguvu

SWALI: Mafundi, salamu. Amplifaya yangu ina valvu za nguvu mbili aina ya EL34. Sauti imefifia na besi imelegea. Nimeambiwa valvu za aina nyingine, 6L6GC, zinaingia soketi ileile. Nichomeke tu?

JIBU: Kuingia zitaingia, maana zote hutumia soketi ya miguu 8 yenye mpangilio unaofanana. Kufanya kazi vizuri ni suala jingine. Anodi (sahani ya chuma inayopokea mkondo) ya EL34 inahimili wati 25, ya 6L6GC wati 30, na kila aina inadai bayasi yake, yaani volti hasi inayopanga mkondo wa valvu pasipo muziki. Filamenti, waya wa kupasha valvu joto, ya EL34 inakula ampea 1.5, ya 6L6GC 0.9, kwa hiyo transfoma yako ya umeme haitalemewa. Anayeumia ni yule anayefanya kinyume: akiweka EL34 nne mahali pa 6L6GC nne, transfoma inadaiwa ampea 2.4 za ziada, na hapo huanza harufu ya vanishi. Mguu wa 1 nao una mambo yake. Kwenye EL34 ni gridi (wavu) ya tatu, na lazima uungwe na kathodi, sehemu inayotoa elektroni, mguu wa 8. Kwenye 6L6GC hauna kazi, hivyo baadhi ya viwanda huutumia kama kituo cha kuungia rezista.

Wewe weka EL34 tena. Nunua jozi iliyolinganishwa, yaani mbili zilizopimwa zikaonekana zinapitisha mkondo unaokaribiana kwa bayasi ileile. Katika amplifaya ya valvu mbili zinazosukumana, mikondo yao hupingana ndani ya transfoma ya spika na kufutana. Mmoja ukizidi, kiini cha transfoma kinapata sumaku ya upande mmoja, besi inapungua na mvumo unasikika. Tofauti ya miliampea 2 au 3 isikunyime usingizi. Ikifika 10, zirudishe dukani. Jina la kiwanda kwenye boksi ni la kuangalia mwisho.

SWALI: Ni kweli valvu mpya ziwashwe saa 72 kabla ya kuzisikiliza? Na bayasi naipangaje?

JIBU: Saa 72 hazina ulazima. Cha kweli ni kwamba mkondo wa valvu mpya huhama kidogo katika saa za mwanzo, kwa hiyo kuzizoesha maana yake ni kupima na kupima tena, huku ukisikiliza muziki wako kama kawaida.

Angalia kwanza chini ya chasi, sanduku la chuma la amplifaya. Kama kathodi zinafika chasi kupitia rezista kubwa ya mamia ya omu, amplifaya inajipangia bayasi yenyewe. Chomeka, kisha uangalie tu anodi isiwe nyekundu. Kama kuna skrubu ya bayasi, fuata hivi, na ukumbuke humo ndani mna zaidi ya volti 400 zinazobaki kwenye kapasita hata umeme ukichomolewa. Spika iwe imeungwa muda wote, la sivyo transfoma yake inaweza kupasuka insulesheni.

Kabla ya kuchomeka valvu, washa na upime mguu wa 5 wa kila soketi, yaani gridi inayopokea muziki na bayasi. Lazima uone volti hasi, na soketi zote mbili zilingane. Zungusha skrubu mpaka hasi iwe kubwa kabisa. Zima, chomeka, washa, subiri dakika mbili. Pima volti ya anodi, mguu wa 3. Tuseme ni 450. Lengo ni asilimia 70 ya wati 25 za anodi, yaani wati 17.5; gawa kwa 450, unapata miliampea 39. Ukipimia kwenye rezista ya omu 1 iliyo kwenye kathodi, milivolti 1 ni miliampea 1, lakini mkondo wa gridi ya skrini (gridi ya pili) umo pia, kama miliampea 4 au 5, kwa hiyo mita itasoma karibu 43. Anza na asilimia 60. Kila ukipandisha mkondo, volti ya anodi inashuka, basi piga hesabu upya. Rudia baada ya dakika 30, kisha baada ya kama saa 10 za kupiga.

SWALI: Valvu moja imekuwa nyekundu ubavuni, nyingine ina mwanga wa buluu. Ipi mbovu?

JIBU: Hiyo nyekundu, zima mara moja! Ikipoa, zibadilishane soketi. Wekundu ukiifuata valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi, toa valvu zote mbili za nguvu, washa, pima mguu wa 5 pande zote mbili. Ukikuta -38 huku na -20 kule, kapasita inayoleta muziki kwenye gridi inavujisha volti chanya, badilisha kapasita. Zikilingana, shuku meno ya soketi yaliyolegea: bayasi inafika kwenye soketi lakini haifiki kwenye valvu. Yabane kwa sindano, umeme ukiwa umechomolewa na kapasita zimemwagwa chaji.

Buluu iliyolala kwenye kioo haina neno, hata ikicheza na muziki. Ukungu wa zambarau uliojaa katikati ya valvu ni gesi. Na ule mng'ao wa fedha kwenye kioo ukigeuka mweupe kama chokaa, hewa imeshaingia, tupa.