Mnasihi wa Aina Gani? Nilichojifunza Baada ya Kumzika Baba

Dada mmoja msomaji ameniandikia wiki hii. Amekuwa akienda kwa mnasihi kwa miezi kadhaa, kila kikao ni utoto wake tu, naye haoni kama anapona. Aendelee au aache? Dada yangu, nakujibu hapa maana wenye swali lako ni wengi.

Baba alifariki bila kuniambia neno moja jema. Mimi ndiye niliyelipia matibabu, mimi ndiye niliyekesha naye wodini, lakini mpaka siku ya mwisho sifa zilikuwa za kaka. Bado inaniuma. Baada ya arobaini usingizi ulinipaa, nikaenda kwa mnasihi anayefuata njia ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyefundisha kwamba mengi yanayotuendesha yamejificha tusikoyaona, na mizizi yake iko utotoni. Mama yule haulizi sana. Unasema lolote linalokujia, ndoto, hasira, hata upuuzi, yeye anasikiliza.

Siku moja foleni ya Ubungo ikanichelewesha. Nikaingia nahema, nikaanza kujitetea: nilitoka mapema, si mimi, tafadhali usikasirike. Akaniacha nimalize, kisha akauliza taratibu, "Hapa unamwomba msamaha nani?"

Nililia. Freud aliliona hilo zamani: mtu humhamishia mnasihi hisia alizokuwa nazo kwa mzazi. Nilikuwa namwogopa baba ndani ya chumba ambacho hakuwahi kukikanyaga! Ndipo nikaelewa kwa nini kila bosi alikuwa akinitetemesha.

Ila kujua chanzo hakukunipa sababu ya kuamka asubuhi. Mnasihi wangu wa pili alikuwa wa udhanaishi, falsafa inayouliza tunaishi kwa ajili ya nini na tunachagua nini, ule ule tuliokariri kwenye fasihi kidato cha sita. Mmoja wa wakubwa wa njia hiyo ni Viktor Frankl, naye wa Vienna. Akiwa kijana aliandikiana barua na Freud, na kwa msaada wa Freud makala yake ilichapishwa mwaka 1924. Baadaye akashika njia yake mwenyewe. Wanazi walimtupa kwenye kambi za mateso, Auschwitz ikiwemo. Mke na wazazi wake wakafia kambini, yeye akatoka hai mwaka 1945 akiendelea kufundisha kwamba binadamu huishi kwa kuwa na maana ya kuishi. Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, naye, mwaka 1980, alitaja mambo manne yanayomsumbua kila mtu: kifo, uhuru, upweke na kukosa maana.

Mnasihi huyu hakunirudisha utotoni. Aliniambia, "Baba hatarudi kukusifu. Sasa unamfanyia nani kazi?" Nikaacha uhasibu, kazi niliyoisomea ili kumridhisha marehemu. Leo nina karakana yangu ya useremala, na nalisema kwa fahari.

Kwa hiyo ndugu zangu, jiulizeni mnaumwa wapi. Kama unarudia ugomvi ule ule kwa kila mchumba na kila bosi, chimba ya nyuma kwa mnasihi wa njia ya Freud. Kama umefiwa, umestaafu, au una kila kitu na bado moyo mtupu, tafuta mnasihi wa udhanaishi. Acheni kukaa na maumivu miaka mkisubiri yaishe yenyewe, hayaishi! Muulize mnasihi siku ya kwanza anafuata njia gani, wengi huchanganya. Na kama mawazo ya kujiua yamekuingia, nenda hospitali leo, mengine baadaye.

Wewe dada, usiache kimyakimya. Kikao kijacho mwambie mnasihi wako maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kabla hajauliza lolote.