Usipime kazi ya Marekani kwa dola za saa peke yake

Ndugu zetu wanaofika hapa Dayton, Ohio, wengi wao Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, wakitafuta kazi huanza na swali moja: "Wanalipa ngapi kwa saa?" Hawakosei, kodi ya nyumba haisubiri. Lakini mimi niliyebeba maboksi hapa miaka mingi nakuomba uende mbele ya swali hilo. Tabaka la kati la Marekani halikujengwa kwa mshahara wa saa tu.

Tazama mji wenyewe. Kiwanda cha magari cha General Motors kule Moraine, jirani na Dayton, kilifungwa Desemba 2008. Wazee waliokuwa wakifanya kazi humo wanakumbuka mtu aliyeishia sekondari akinunua nyumba na kusomesha watoto. Mshahara ulikuwa mzuri, ndiyo, ila palikuwa pia na bima ya afya, pensheni, na chama cha wafanyakazi kilichokaa mezani na mwajiri. Leo jengo lile ni la Fuyao, kampuni ya Kichina ya vioo vya magari. Ajira zilirudi, mishahara ile haikurudi. Mwaka 2017 wafanyakazi walipigia kura suala la kuwa na chama, na wengi walikataa.

Yaliyotokea Moraine yametokea kwingi. Kwa hesabu za Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, mwaka 1971 watu wazima 61 katika kila 100 nchini waliishi katika kaya za kipato cha kati. Mwaka 2021 walikuwa 50. Wapo waliopanda juu, wapo walioshuka. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa Ohio ina chake kilicho juu zaidi.

Sasa kwako unayetafuta kazi. Anza na saa za wiki. Sheria ya bima ya afya ya 2010 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi wa muda kamili wawape bima wafanyakazi hao, na muda kamili kwa sheria hiyo ni wastani wa saa 30 kwa wiki. Ukiona unapangiwa saa 28 kila wiki, jua kwamba bima huenda haikuhusu. Ukipewa bima, uliza utalipa kiasi gani mfukoni mwako kila mwaka kabla haijaanza kulipa. Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu kuna bima za bei nafuu zinazokuachia maelfu ya dola ukilazwa.

Mimi niliacha ghala lililoniajiri kupitia ajensi, nikaenda jikoni hospitalini kwa malipo madogo zaidi kwa saa. Marafiki walinishangaa. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, bili niliyoletewa niliweza kuilipa kidogo kidogo. Bila ile bima tungekuwa tunalipa mpaka leo, na nasema hivi nikijua familia ambazo kweli bado zinalipa.

Jambo la pili ni uzeeni. Pensheni za zamani zimepungua sana katika kampuni binafsi, badala yake kuna akaunti ya akiba ya uzeeni iitwayo 401(k). Aliyezoea NSSF asidhani mwajiri analazimika kukuchangia humo. Wengine huchangia kadiri unavyoweka wewe, wengine hawatoi hata senti. Kama wako anachangia, weka walau kiasi cha kuupata mchango wake wote, hata kama mwezi huo utapunguza unachotuma nyumbani. Najua maneno haya ni magumu kwa mwenye mama anayesubiri. Uliza pia mchango huo unakuwa wako kabisa baada ya muda gani, maana ukiondoka mapema unaweza kuuacha.

Masomo nayo, usikimbilie mkopo. Sheria inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya mapato, na hospitali nyingi zina mpango huo. Chuo cha Sinclair hapa mjini ada yake ni ndogo ukilinganisha na vyuo vikuu.

Na kama kazini kuna chama, jiunge, uhudhurie vikao. Kiingereza kikikupa taabu, nenda na mwenzako wa kukutafsiria, na uombe mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, usome kila kipengele kabla ya kulalamikia chochote.