Mbegu ya mwiritsa haikungojei

Vijana waliosomea biolojia huniuliza waanzie wapi wakitaka kurudisha miti inayotoweka. Jibu langu ni moja: chagua mti mmoja uujue kama unavyomjua mtu wa kwenu. Wangu ni mwiritsa, Prunus africana kwa jina la kitaalamu, na nimeufanyia kazi pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya.

Mwaka wa kwanza nilianika mbegu juani kama mahindi, nikazitia kwenye bahasha, zikakaa kwenye droo nikisubiri pesa za mradi. Pesa zikaja, nikasia. Haikuota hata moja. Kukhu (bibi) mmoja wa Shinyalu aliyekuwa akimwagilia miche kitaluni alizifukua chache, akazibonyeza kwa ukucha. "Mwanangu, hizi zilikufa zamani. Haya si maharagwe."

Akanifundisha. Matunda yakiiva yakawa zambarau, unayasugua kwa mchanga ndani ya karai la maji mpaka nyama itoke. Mbegu unazikausha maji kivulini tu, na siku chache baadaye ziwe kitaluni. Halafu unangoja mwezi, pengine miwili. Kwa hiyo usipange kazi kwa kalenda ya mfadhili. Nenda mtini kila wiki, uandike tarehe ya kuiva, maana ukichelewa mbega na hondohondo wameshamaliza. Na usiokote chini ya mti mmoja tu. Miche yote itakuwa ndugu.

Kuna jambo ambalo chuoni sikufundishwa. Magome ya mwiritsa hutengenezewa dawa ya tezi dume ng'ambo, na tangu 1995 biashara hiyo inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Lakini hata vijijini kwetu ni dawa. Asubuhi moja nilikuta mti niliouchumia mbegu miaka sita umechunwa gome mzunguko mzima, hadi kimo cha mtu, jeraha bichi likinuka lozi chungu. Mti ukichunwa hivyo hufa umesimama. Niliumia sana. Aliyeuchuna alikuwa jirani mwenye mgonjwa nyumbani, na hakuwa na mwiritsa mwingine karibu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kupeleka mche wowote msituni, nagawa kwanza kwa boma zinazopakana nao, na naonyesha jinsi ya kubandua kipande upande mmoja na kuuacha mwingine. Yule jirani alichukua miwili. Mmoja uliliwa na ng'ombe. Mwingine uko kando ya choo chake, umepita paa.