Muulize Dada: Onam, magazeti na sinema za Kerala

Msimu wa Onam, sikukuu kubwa ya jimbo la Kerala kusini mwa India, ukifika meseji zinakuwa nyingi, coz wasomaji wengi mnajua wazazi wangu ni Wamalayali, yaani watu wa Kerala, waliokuja Tanzania kufundisha na mimi nikazaliwa hapa hapa Dar. Leo nimechagua tatu.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Muscat, asili yetu Zanzibar. Ofisini kwetu Wamalayali ni wengi na wamenialika Ijumaa kwenye chakula cha Onam. Mi Muislamu, nasikia ni sikukuu ya Kihindu, niende? Na wanakulaje, nisije nikaaibika? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La dini kamuulize sheikh wako, mi nakwambia tu kinachofanyika pale. Simulizi yenyewe ni ya Kihindu kweli, kuna mfalme Mahabali, wenyewe tunamwita Maveli, enzi zake watu wote walikuwa sawa na hakuna mwizi wala mwongo, miungu wakaona wivu, mungu Vishnu akaja kwa umbo la kijana mfupi akaomba ardhi ya hatua tatu tu, hatua mbili zikamaliza dunia na mbingu, ya tatu mfalme akainamisha kichwa chake ikakanyagwa hapo, akazama chini ya ardhi, ila akaruhusiwa kuja kuwaona watu wake mara moja kwa mwaka. Siku hiyo ndo Onam. Lakini Kerala Waislamu ni zaidi ya robo ya watu wote na Wakristo karibu mmoja kwa kila watano, na nyumba nyingi za kwao nazo zinapika siku hiyo, watoto wanatandika maua mlangoni, vijana wanavuta kamba. Na huko Gulf haiishi siku yenyewe, kila chama cha Wamalayali kina wikiendi yake, utaalikwa mpaka uchoke.

Sasa chakula, hapa nisikilize vizuri. Unakalishwa kwenye mstari, unawekewa jani la mgomba, ncha nyembamba iwe kushotoni kwako. Juu kushoto zinaanza chipsi za ndizi, zile za chumvi na zile za sukari guru, achari ya embe, ya ndimu, ya tangawizi, halafu zinafuata mboga moja moja, kuna ya nazi na mtindi inaitwa avial, hiyo usiiache hata kidogo. Wali unakuja ukishakaa. Kwanza dengu na samli, unavunjia pappadam, ile mikate myembamba mikavu ya dengu, juu yake, halafu sambar, mchuzi wa dengu na ukwaju wenye mlonge ndani. Mkono wa kulia, kijiko sahau. Wagawaji wanapita na ndoo mbio mbio, usipoziba jani kwa mkono wanakuongeza tu. Payasam, ule uji mtamu wa tui na sukari guru, ukija jua uko karibu na mwisho, japo wengine wanaleta tena wali na mtindi baada yake. Ukishiba unakunja jani kuja upande wako, usilikunje kwenda mbele, kwa wengi hiyo ni ya msibani. Sehemu nyingi hakuna nyama kabisa, ila watu wa Kozhikode na Kannur, kaskazini mwa Kerala, wengine samaki na kuku wanaweka na hawaoni tabu.

SWALI: Dada naomba unisaidie, filamu za Kerala si ndo Bollywood hizo hizo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana jamani! Bollywood ni Mumbai na ni Kihindi, hii ni Kimalayalam, lugha ya Kerala, na ni tasnia yake kamili. Wewe ni mtu wa pwani, anza na Chemmeen ya 1965 ya Ramu Kariat, habari za wavuvi na imani kwamba mke wa mvuvi asipokuwa mwaminifu bahari inamchukua mumewe, ndo filamu ya kwanza ya kusini mwa India kupata Medali ya Dhahabu ya Rais. Filamu kubwa nyingi zinasubiri Onam, Vishu (mwaka mpya wa Kerala), Idi na Krismasi ndo zitoke, watu wakishakula wanaenda sinema familia nzima.

Ila na hili ulijue. Filamu ya kwanza kabisa ya Kimalayalam, ya J. C. Daniel mwishoni mwa miaka ya 1920, mhusika mkuu wa kike alikuwa P. K. Rosy, mwanamke wa tabaka lililoitwa la chini, akaigiza mwanamke wa Kinayar, tabaka la juu. Watu wakachachamaa, wakamfukuza, na hakuigiza tena. Inaniuma kila nikiikumbuka.

SWALI: Nasoma uandishi wa habari, natafuta mada ya tasnifu. Kwanini Kerala watu wanasoma sana magazeti? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kwanza wanajua kusoma, sensa ya 2011 ilikuta watu 94 katika kila 100, na vijijini maktaba zipo na kwenye vibanda vya chai gazeti moja linasomwa kwa sauti na wote wanabishana. Na magazeti yao yamepigwa sana, 1910 serikali ya Travancore, ufalme uliokuwa kusini mwa Kerala ya leo, ilinyang'anya mtambo wa gazeti la Swadeshabhimani na mhariri Ramakrishna Pillai akafukuzwa nchini, 1938 gazeti la Malayala Manorama likafungiwa mpaka 1947. Msimu wa Onam magazeti na majarida yanatoa toleo nene la hadithi na mashairi, mwandishi akitokea humo ameshafika.

Kwa tasnifu mi ningechukua ripoti ya Hema. Mwaka 2017 muigizaji mmoja alitekwa na kushambuliwa ndani ya gari huko Kochi, mji wa Kerala, wenzake wa kike wakadai uchunguzi, serikali ikaunda kamati ya jaji mstaafu K. Hema kuangalia wanawake wanavyotendewa kwenye sinema. Ripoti ikakabidhiwa Desemba 2019, ikakaliwa karibu miaka mitano! Waandishi wakaing'ang'ania kwa sheria ya haki ya kupata taarifa mpaka ikatoka tarehe 19 Agosti 2024, na tarehe 27 kamati nzima ya chama cha waigizaji pamoja na mwenyekiti wake Mohanlal ikajiuzulu. Angalia nani aliomba na alijibiwa nini kila hatua, na kurasa zilizoondolewa kabla haijatolewa, ukaulize nani aliamua ziondolewe.